Mkia wa Kaseti

Siku yangu ya kwanza kazini sikurekodi hata wimbo mmoja. Meneja wa duka la muziki, hapa Eldoret mjini, alinipa pamba na chupa ya spiriti, akaniambia nisafishe vichwa vya deki, yaani vile vyuma vidogo vinavyosoma mkanda. Kichwa kikichafuka, mwimbaji husikika kama anaongea ndani ya blanketi. Jioni Meneja alichungulia, akasema, "Wewe msichana una mkono mzuri. Kesho utarekodi."

Kurekodi kulikuwa kutoa muziki kwenye santuri na kuuweka kwenye kaseti ya mteja. Vijana wa leo wanadhani ni kubonyeza tu. Ilibidi upime ukali wa sauti kwanza, mshale usiguse nyekundu, kisha ukae papo hapo usikilize wimbo wote, upende usipende. Mimi sikupenda. Wateja wetu waaminifu zaidi walikuwa wapenzi wa ile roki ya nyimbo ndefu waliyoiita progresivu: filimbi, kinanda, gitaa, mdundo unabadilika kila ukianza kuuzoea, na wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri. Nilifuma sweta nyingi nikingoja nyimbo hizo ziishe.

Zikiisha, mkanda ulibaki. Upande wa santuri ulikuwa mfupi kuliko upande wa kaseti, kwa hivyo mwishoni palikuwa na kipande kitupu tulichokiita mkia. Meneja hakutaka kukiona.

"Mteja amechukua mkanda mzima, unampa kimya cha nini? Jaza hapo!"

"Nijaze na nini, bosi?"

"Chochote, bora kiimbe."

Chochote changu kilikuwa Mzee Kamau, mkulima wa viazi kutoka Burnt Forest. Alikuja siku moja na kodiani yake, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, begani, pamoja na mkewe, Mama Nyambura, aliyemshikia mdundo kwa kugonga pete ya chuma. Tuliwarekodi katika chumba cha nyuma, nyimbo za densi za wazee wa kwao, na mwishoni wimbo mmoja ambao Mzee alikuwa amemtungia mkewe. Niliupenda huo kupita kiasi. Miaka yote niliyokaa pale niliubandika kwenye mkia wa kila kaseti ya roki, ukaenda hadi mkanda ulipokwisha.

Wapenzi wa roki nao walikuwa na desturi yao. Jumamosi walikutana nyumbani kwa Mwalimu Koech, mtaa wa West Indies, kila mmoja na alichokipenda wiki hiyo, na sheria ilikuwa hakuna kuongea hadi mkanda usimame wenyewe. Kwa hiyo mkia waliusikia wote. Siku moja Mwalimu aliingia dukani amevimba kwa ubishi.

"Hii bendi ya wazungu, nani huwapigia kodiani? Wenzangu wanasema wamealika mtu. Mimi nasema ni yule wa kinanda."

"Huyo ni Mzee wa Burnt Forest, Mwalimu. Hulima viazi."

"Acha mchezo."

Aliondoka amekasirika. Wiki iliyofuata alirudi kwa upole, akauliza kama yule mzee wa viazi ana nyimbo zingine.

Meneja aliyefuata alileta CD, na wa mwisho akaleta simu. Kaseti zetu za asili tulizonakilia, ya Mzee ikiwemo, zilitupwa bila kuniuliza, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Nikastaafu, nikatulia kwangu, mtaa wa Pioneer.

Huko ndiko Mama Nyambura alikonitafuta, mjane tayari. Nyumba yao ilikuwa imeteketea wakati wa zile ghasia za baada ya uchaguzi, kodiani na kaseti zikiwa ndani. Mzee alipona, lakini hakupiga tena mpaka alipofariki.

"Sauti yake imeanza kunitoka," aliniambia. "Maneno ninayo. Yeye mwenyewe ndiye simsikii."

Sikuwa na kitu cha kumpa. Alikuwa amefika langoni nilipokumbuka ile mikia, nikamwita arudi.

Jumamosi tulikuwa kwa Mwalimu, na wazee wenzake wamepekua masanduku yao. Kaseti nyingi zilitusikitisha. Wimbo wa roki ulikuwa mrefu, mkia mfupi, kodiani inaanza tu na mkanda unakwisha kabla Mzee hajafungua mdomo. Ikabaki ya Mwalimu, iliyotoka kwenye santuri fupi.

"Peleka mbele basi," mmoja alisema.

"Mkanda umezeeka," nikamwambia. "Ukiukimbiza utakatika."

Mwalimu aliweka simu mezani irekodi, na Mama Nyambura, mkoba mapajani, akavumilia filimbi, kinanda na ngoma za wazungu mpaka tamati. Kisha kodiani ikaingia. Ikafuata pete, mkono wake mwenyewe wa ujana. Kisha Mzee akaimba.

Alimaliza ubeti wa kwanza. Katikati ya wa pili, mstari haujaisha, deki ikajizima: tak.

Mama Nyambura aligonga pete yake ya ndoa kwenye kikombe, akashika wimbo pale pale ulipokatikia, akauimba hadi mwisho, simu bado inarekodi. Nililia, na sikujificha.

Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kuondoa kelele: mikwaruzo ya santuri, mvumo wa mkanda, uchafu wa vichwa. Hata sasa, uzeeni, mjukuu wa Mwalimu alinikalisha mbele ya kompyuta tukasafisha ile rekodi ya simu. Tulipofika kwenye ule mlio wa deki nikamuuliza Mama Nyambura kama tuufute, wimbo uende moja kwa moja.

"Hapo msiguse," akasema. "Hapo ndipo ananipisha."