Kuku wa Kuchukulia Mbwa

Wifi yangu ameniletea kuku. Ni mtetea mweusi, mwenye afya, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga. Alimweka kwenye kizingiti cha jiko langu, akanisalimia vizuri, akarudi kwake, yaani upande wa pili wa ua huuhuu. Hakusema kuku ni wa nini. Katika ukoo wa mume wangu mbwa hatolewi bure: anayemtaka hupeleka kuku, na mwenye mbwa akimpokea kuku huyo, mbwa amehama. Ukimchukua bila kuku, wanasema, atarudi alikotoka au atakufa mikononi mwako.

Mimi mwenyewe nilimpata mbwa wangu kwa njia hiyo. Nilimpelekea mama mkwe kuku kule Ihanda, nikarudi Tunduma na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limelala. Mume wangu ni dereva wa lori. Akishavuka mpaka hukaa ng'ambo mpaka nisahau kikohozi chake, na aliyenijulisha nani yuko getini alikuwa mbwa. Nikitoka sokoni alinipokea kwenye kona ya fundi wa matairi, akanitangulia mpaka nyumbani. Wapo majirani walionijua kwa mbwa kwanza, jina baadaye.

Kisha wifi akarudi. Alikuwa ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ndoa ikaisha, kaka yake akampa vyumba viwili vilivyotazamana na vyangu. Ni mwanamke wa kucheka, na Kibemba kimemkaa mdomoni kiasi kwamba mimi haniiti wifi, ananiita mulamu, kama wanavyoitana mashemeji upande ule. Anasonga ugali mapema kuliko mimi na hukwangua sufuria nje. Niliona mbwa anaanza kujua saa ya sufuria ile. Baadaye nikaona anabaki pale hata sufuria ikishaoshwa. Nikajiambia ni tumbo tu, litamrudisha.

Mambo yakawa hivyo mpaka mbwa alipong'atwa. Kuna mbwa wasio na mwenyewe wanaozunguka kwenye maegesho ya malori, na mmoja wao alimpata shingoni, chini ya taya. Kilikuwa kitundu kidogo cha jino. Nilifanya kinachofanywa na nyumba nyingi mtaani kwetu: nikafungua kapsuli za rangi mbili, nikamwaga unga wake kwenye jeraha. Kwetu unga ule ni dawa ya kila kitu. Kuku wakizubaa hutiwa kwenye maji yao, mtoto akijikata humwagiwa. Jeraha likakauka, gaga gumu likafunga juu. Nilikuwa bado najisifu mbwa alipoacha kula. Shingo ilivimba hadi kichwa kikaonekana kidogo, na nilipomsogelea na bakuli la maji akanionyesha meno.

Wifi alimwendea bila bakuli. Aliketi chini kwenye vumbi, akamsemesha Kibemba, akamwekea shingoni kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mbwa akalaza kichwa pajani kwake, akafumba macho. Niliyatazama hayo dirishani, mwiko mkononi. Ingekuwa mume wangu ndiye aliyelaza kichwa kwenye paja la mwanamke, ningejua pa kuanzia. Kwa mbwa sikujua. Uji uliungua nyuma yangu na sikusikia harufu.

Asubuhi akaja daktari wa mifugo. Aliyemwita ni wifi, bila kuniuliza. Daktari akaweka begi lake chini, akatutazama sote wawili.

"Mbwa ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Basi mshike."

Niliinama, mbwa akanguruma. Nikainama tena, taratibu zaidi, akanguruma tena. Wifi alikuwa amejifunga kanga kiunoni tayari.

"Mulamu, usione haya," akaniambia. "Mgonjwa ndiye anayechagua muuguzi."

Daktari hakutaka kesi. Alisema amshike anayeruhusiwa kumshika. Akanyoa manyoya, akapasua chini ya gaga, usaha ukatoka mwingi wenye harufu ya kitu kilichosahaulika kwenye ndoo. Akifanya kazi alituelezea kwamba jino la mbwa huwatia bakteria ndani ya nyama kama sindano, na kwamba ule unga ulikuwa umeziba mlango bakteria wakiwa ndani. Alipouliza nani alimwaga unga, wifi alitazama pembeni. Afadhali angenitaja. Daktari akaacha tundu wazi ili uchafu uendelee kutoka, akachoma sindano, akasema atarudi kuchoma nyingine mpaka aseme mwenyewe imetosha.

Mbwa akahamia kwa wifi wakati wa matibabu, na shingo ikapungua. Akaanza kukimbia uani. Akinipita hunitingishia mkia, kama anavyomfanyia mama muuza maziwa. Ndipo wifi alipoliambia jiko langu zima, maana alisimama mlangoni na sauti yake haijui kunong'ona, kwamba amemwambia daktari asihangaike tena, mbwa amepona. Nilimkumbusha kuwa daktari alisema yeye ndiye atakayesimamisha sindano.

"Mulamu," akacheka, "wivu huo utakuvimbisha shingo na wewe."

Kesho yake akaleta kuku.

Sikumpokea, sikumrudisha. Nilimfungua miguu tu, kwa sababu ile kanga ilikuwa inamkata, na kumfungua kuku si kumpokea. Mama mkwe nilimpigia simu kumuuliza kama desturi ina neno juu ya kuku aliyefunguliwa. Akaniuliza kama mahindi yetu yamepukuchuliwa.

Kabla hatujaelewana, shingo ya mbwa ikavimba tena, mahali palepale. Wifi alikuja mwenyewe kuniita, na safari hiyo hakucheka. Daktari hakumgombeza mtu. Alisema bakteria walioonjeshwa dawa wakaachwa hai ndio wabaya, na hakuna ajuaye kama ni unga wangu uliowakomaza au ni sindano zilizokatizwa. Akavuta usaha kidogo, akautia kwenye kichupa cha kupelekwa maabara Mbeya, wakaangalie ni dawa gani ingali inawaua. Kwa sasa anamchoma nyingine, kwa kukisia. Wifi hushika kichwa. Mimi hushika miguu ya nyuma, na mbwa ananiruhusu, ingawa sijui kama ni kwa kunikubali au kwa kuishiwa nguvu.

Majibu ya Mbeya hayajafika. Kuku mweusi ametaga nyuma ya jiko langu, na tangu jana ameatamia, hataki kuinuka kwenye mayai.