Nyumba ya Fundi Aliyekwenda Uarabuni

Simu ikilia tu, nishuke ukutani nijifiche. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yangu na mama wa mwenye nyumba, na hadi leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Mwanawe ndiye aliyekuwa fundi wangu. Miaka mingi nilimbebea karai la udongo hapa Bwera, Kisinga, hadi Kilembe mto ulikobomoa nyumba za watu. Nikigusa mwiko wake ananifokea: kazi yangu ni kubeba. Haya, nilibeba. Lakini macho hayana pazia. Niliona anavyovuta uzi, anavyopima kona kwa timazi. Akienda kula, nilipanga safu moja ya matofali. Akirudi, alijenga juu yake bila kujua.

Kisha watu wakaanza kwenda kyeyo, kutafuta kazi ng'ambo. Mafundi wa Bwera na Kasese waliondoka mmoja mmoja kwenda kulinda maduka ya Waarabu, naye akaenda. Pesa zikarudi, kila mmoja akitaka nyumba. Kweli penye miti hakuna wajenzi: simenti ipo, matofali yapo, mikono ya kuyapanga iko Dubai imeshika rungu. Kule Kyondo nako kahawa iliiva ikaanguka, wachumaji hawapo.

Mama yake, mtu wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyehamia Bwera zamani, alitafuta fundi mwanaume wa kuijenga nyumba ya mwanawe mpaka akachoka, akaja kwangu. Nikamwambia sibebi tena, najenga. Akakubali, ila mwanawe asijue, kwa sababu aliapa mwanamke hatapanda ukuta wake. Basi kila alipopiga simu ya video, nilichutama nyuma ya rundo la mchanga, na jirani yetu muuza nyama akasimama mbele ya kamera na mwiko wangu. Aliushika kama anakata maini! Iliniuma, jamani. Nikavumilia, kwa kuwa kazi ile ikiniponyoka narudi kwenye karai.

Tulipofika usawa wa linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, nikamsikia mwanawe kwenye simu akimsifu muuza nyama. Ukuta umenyooka, alisema, na wenzake wote walioko kule atawaambia wampe huyo nyumba zao azijenge. Nyumba zote! Kwa mtu asiyejua hata kuvuta uzi! Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, sikulelewa kumeza maneno. Nilipanda ukuta, nikamwamuru mama ainue simu anione.

"Fundi ni mimi," nikamwambia mwanawe. "Kila tofali unaloliona nimelipanga mimi. Ukitaka mwanaume, rudi ujenge mwenyewe."

Nilidhani mama atanikana. Akashika kichwa, kisha akasema, "Mutoto yangu, ni kweli. Wanaume beko kwenu kule. Huku tuko na huyu."

Kwenye simu, nyuma ya mwanawe, niliona mlango wa kioo wa duka analolinda, naye amevaa sare iliyompwaya mabegani. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Mwishowe akataka nishushe timazi kwenye kona, aone. Nikaishusha. Uzi ukatulia, ukashuka sawa na ukuta hadi chini. Aliutazama sana.

"Kwenye linta weka nondo nne, fundi," akasema.

Nikamjibu kwamba hilo nalijua. Kisha nikamgeukia muuza nyama, nikamnyang'anya mwiko wangu, nikamwonyesha karai lilipo.