Sindano imepotea na Neema anatafuna kitu

Jamani, naandika kwa haraka, mnisamehe herufi zikiruka.

Mnajua najifunza kutarizi kwa hariri, ule utarizi wa Kijapani. Leo nilikuwa sebuleni hapa mtaani kwetu Husby, huku ughaibuni, namalizia bawa la korongo. Simu ya mezani ikalia, nikainuka kupokea.

Niliporudi, sindano haipo.

Na si sindano ya vifungo hiyo. Ni nyembamba, ikidondoka kwenye zulia huioni. Na kwenye zulia ndipo alipokaa binti yangu Neema, ambaye ndio kwanza anatambaa na kila kitu anatia mdomoni.

Yuko kimya. Anatafuna.

Nikamfungua mdomo. Uzi mwekundu ukachungulia.

Nikaanza kuuvuta, Baba Neema akanishika mkono. "Acha kwanza. Kama sindano iko mwisho wa uzi, je?"

Nikauachia uzi.

Mtoto anatuangalia, anacheka, uzi unaning'inia kidevuni.

Baba Neema akakimbilia simu aite ambulensi. Mimi nikashindwa kusubiri. Nikavuta taratibu huku nasali.

Ukatoka wote. Uzi mtupu.

Nikamkumbatia mwanangu kwa nguvu, nalia.

Ndipo naye akapiga yowe. Shavuni, tone la damu.

Sindano ilikuwa kifuani pangu. Niliichomeka kwenye blauzi nilipoinuka, kama mama yangu afanyavyo akishona. Mwalimu wetu Mjapani hachoki kutuambia sindano ikae kwenye kimto chake, nami humjibu "ja, ja," yaani ndiyo, ndiyo, kwa lugha ya huku.

Neema ni mzima, kashasahau.

Nyie mnaoshona, hebu papaseni vifua vyenu sasa hivi. Kisha mniambie mmekuta nini.