Kichwa cha Watu Wanne

Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na watu wanne. Mteja akikaa tunamgawana kama shamba la urithi, wawili mbele, wawili nyuma, kila mmoja na robo yake. Ukichelewa wenzako wanakungoja mikono mapajani, na mteja anajua ni nani anamcheleweshea siku. Miaka kumi na tisa sikuwahi kungojwa.

Ndiyo maana figo zilipoanza kuniuma nilikuwa na haraka. Homa, mgongo unakatika, na Jumamosi nina bibi arusi wa kusuka. Nikaenda kliniki ndogo karibu na ninapokaa, Kinoo. Daktari, mama mpole, akaanza kuandika vidonge. Nikamkatiza.

"Daktari, mimi na vidonge hapana. Nitundikie dripu niende kazi."

Kwetu dripu ndiyo matibabu. Ukitoka na vidonge tu watu wanauliza, kwani ulienda kusalimia? Akaniuliza kama nina shida nyingine yoyote. Nikasema hakuna.

Sikuona kama ni uongo. Mikono ilikuwa inachoka tangu Krismasi, na jicho la kushoto lilikuwa linalegea kila jioni, wenzangu wakinicheka eti nakonyeza waume za watu. Lakini ni msusi gani mikono yake haichoki? Ukilalamika utaambiwa enda ukauze sukuma wiki.

Basi nikatundikiwa dripu ya dawa ya kuua bakteria. Siku ya pili homa ilikuwa imeshuka, lakini kikombe cha chai kilinishinda kuinua. Kikombe, jamani! Kope zote mbili zikaanguka. Mkate nilitafuna taya zikachoka kabla sijameza. Dada yangu alinikuta nimeshikilia kidevu kwa kiganja, akanikimbiza hospitali kubwa mjini.

Huko walisimamisha ile dawa, wakaniambia niangalie dari mpaka kope zishuke zenyewe. Zilishuka upesi. Daktari akasema ugonjwa wa misuli ulikuwamo mwilini siku nyingi, dawa ndiyo iliuchokoza. Kisha akauliza, "Ulimwambia daktari wa kwanza kwamba mikono inachoka?" Nilijikasirikia mpaka nikamkasirikia na yeye.

Sasa nameza vidonge, mimi niliyevidharau, mara nne kwa siku, na kwenye mkoba nina karatasi yenye orodha ya dawa nisizotakiwa kupewa. Kila anayeniona ananiambia pumzika. Nimepumzika mpaka nimechoka. Kuoga kunachosha, kuchana nywele zangu mwenyewe kunachosha, na kueleza watu ndiko kunachosha zaidi.

Wiki jana nikarudi kazini. Wenzangu walipiga vigelegele, wakanipa robo yangu ya zamani, nyuma kushoto. Rasta za kwanza zilitoka sawa. Baadaye vidole vikaanza kulegea, nikaendelea hivyo hivyo. Saa ya dawa ilipofika nikatoka kutafuta maji.

Niliporudi, kupitia upenyo wa pazia la mlangoni nilimwona mwenzangu wa kulia, niliyeanza naye kazi mwaka mmoja. Alikuwa anafumua rasta zangu na kuzisuka upya, mbio mbio, jicho mlangoni nisije nikamfumania. Wale wawili wa mbele walikuwa wamemaliza. Wanangoja, mikono mapajani.

Niliona aibu, na nilimpenda sana yule mwanamke. Nikasimama nje mpaka akamaliza, nikakohoa, nikaingia.

"Ulienda kuchota maji bwawani Ndakaini?" akanitania. "Haya, shika hapa, bado kidogo."

Alikuwa ameniachia rasta tatu za mwisho, ili nimalize mwenyewe. Nikainua mikono. Nikaishusha. Nikasema mbele ya wote, na mteja akisikia, lile nililomficha daktari wa Kinoo.

"Mikono yangu imechoka. Haiwezi."

Hakuna aliyecheka. Mwenzangu akavuta kiti cha chini karibu na miguu yake, akaniwekea fungu la nywele bandia mapajani nimchambulie, nimpe za rasta moja moja. Hiyo ni kazi ya anayejifunza, siku yake ya kwanza. Nikakaa, nikamkabidhi za kwanza.