Nasaba ya Mtaliano

Mtaliano alitugharimu pauni elfu nne, mia mbili na arobaini. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natumaini nimekosea. Hapo sijatia miaka ishirini na moja ambayo baba yangu na fundi wa magari, jirani yetu wa zamani, hawajasalimiana. Miaka haina bei sokoni. Ingekuwa nayo ningeshaipeleka.

Mtaliano hakuwa mtu, alikuwa gari. Nisingemkumbuka wiki hii, rafiki yangu, kama binti wa fundi hangeingia Ijumaa iliyopita dukani kwangu huku Alum Rock, Birmingham, akashika kitenge asichokitaka, akaniambia baba yake angependa kuja Jumamosi ya wiki hii kumjulia hali baba yangu. Miguu ya baba imegoma. Fundi miguu anayo, ila kifua hakimpi muda mrefu. Nilipofikisha salamu hizo, baba alijibu bila kugeuza macho kutoka kwenye televisheni: "Mwizi huja na alichoiba. Aje na gari, au abaki kwake."

Zamani hizo tulikaa Washwood Heath, nyumba ya vyumba viwili na nusu. Hiyo nusu ndiyo ilikuwa yangu. Baba ni Msomali wa Garissa, na kabla ya Birmingham alipitia Italia, miaka sita kwenye gereji ya kupaka magari rangi. Mwenye gereji alipofariki, mjane wake hakuwa na pesa za mishahara iliyobaki, akampa baba gari bovu lililolala chini ya turubai. Wenzake walidai mahakamani wakalipwa. Baba yangu akarithi kutu, akaisafirisha kwa trela mpaka uani kwetu.

Lilikuwa la milango miwili, boneti ndefu kama hotuba ya mgombea. Wataliano waliliunda wakati tajiri wa Milano alipotaka kula mchana kwake na usiku ale Ufaransa kando ya bahari, yeye, mkewe na masanduku mawili, na ashuke shati halijakunjamana. Bodi iligongwa kwa nyundo, kwa mkono, juu ya magogo. Baba alituonyesha kwamba mlango wa kushoto uliuzidi wa kulia kwa upana wa kidole. Yeye aliita hiyo sanaa. Mama, ambaye hajawahi kununua gauni bila kuligeuza ndani nje, aliita mshono mbaya.

Kwetu mtoto hufundishwa kuhesabu nasaba: baba, babu, baba wa babu, mpaka ulimi uchoke. Baba akatuongezea nasaba ya gari. Kila Jumapili baada ya chai ya iliki na mikate ya anjera, mimi na dada zangu wawili tulipangwa uani kwenye baridi, tukataja wenyewe wake. Wa kwanza, daktari wa meno wa Turin, aliyelinunua jipya kumfurahisha mke. Wa pili, wakili wa Genoa, aliyesimamia talaka yao akalichukua kama ada. Wa tatu, mwana wa mfanyabiashara wa marumaru, aliyelibamiza ukutani. Wa nne, mwenye gereji. Wa tano, baba yetu. Ukimruka wakili, unaanza upya. Mpaka leo babu yangu wa saba hunitoka kichwani, lakini daktari wa meno yupo, na namchukia kana kwamba alikula kwetu.

Maana gari lilikula. Safari ya darasa letu kwenda baharini iligeuka gasketi. Viatu vyangu vya Idi viligeuka bomba la moshi. Kabureta zilichemshwa kwenye sufuria ya pilau, na mwezi mzima wali ulinuka petroli. Kazi yangu ilikuwa kuosha bolti kwenye bakuli kwa maji ya moto na sabuni, kuzihesabu, kisha kuzihesabu tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alisema huyu ana miaka minne na hata koleo hajashika.

Fundi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwenye gereji ndogo Tyseley, na kila Jumamosi alikuja kulitazama gari la baba bila kudai malipo, kwa mapenzi tu. Mkewe alituletea sombe, kisamvu cha kwao, mama akairudisha sahani na sambusa. Sahani kati ya nyumba zile haikuwahi kurudi tupu. Binti yake alikuwa rika langu, tukicheza duka ngazini kwa vifuniko vya soda. Siku moja tu tuligombana. Alikuja na vifuniko vyake akasema anataka kuuza sukari. Nikamwambia sukari ni yangu, muuzaji ni mimi. Akanicheka. Kwao, akasema, kuuza ni kutoa pesa ukachukua kitu. Mwenye kitu yeye huuzisha. Tukakubaliana: ngazi ya kwetu Kiswahili chetu, ngazi ya kwao chao. Tulikuwa na miaka tisa na tulimaliza kwa dakika mbili.

Injini iliwaka mara moja. Nakiri, kwa dakika nzima ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mtaa ule. Watu walitoka milangoni na mataulo mabegani. Kisha ukaja moshi, na kishindo, na baba akakaa chini kwenye saruji. Hakuwa na pesa nyingine. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia kwa upole, "Mzee, hii motoka mi nitaiuza."

"Iuze, ndugu yangu," baba akasema. "Nimwamini nani mwingine?"

Fundi akaenda kwake akarudi na bahasha ya pauni mia sita. Baba akadhani ni arbuni ya mteja fulani. Karatasi zikatiwa saini, mikono ikapeanwa, na sijawahi kuona wanaume wawili walioridhika vile. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni na bakuli la bolti. Nilisikia kila neno, na nilielewa kila neno, kwa Viswahili vyote viwili. Nikajiambia mtoto mwenye adabu hakatizi wazee. Huo ni uongo. Nilitaka lile gari liondoke.

Miezi mitatu baadaye baba alichoka kungoja, akanishika mkono tukaenda Tyseley. Gari lilikuwa juu ya jeki, nusu limepakwa rangi.

"Hujaliuza bado?"

"Niliiuza kitambo, mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa nani tena? Kwa weye."

Baba alisikia dhihaka. Fundi naye akadhani mzee ameona gari linapendeza, sasa anataka kugeuka. Baba akasema mwizi, mbele ya wafanyakazi. Fundi akasema mwongo. Hakuna aliyeongeza neno tangu siku hiyo, na hata barabara ya kwenda msikitini baba aliibadilisha. Miaka minne mbele fundi aliliuza gari, safari hii kwa Kiswahili chetu, akanunua nyumba. Baba aliposikia bei hakula siku mbili.

Gereji ile sasa ni ukuta. Mtaa wetu umezungukwa na nyua za ujenzi wa reli ya treni ya kasi, mke wa fundi amezikwa, na sahani yetu moja bado iko kabatini kwao, au yao iko kwetu. Mama hakumbuki tena. Wanangu nikiwatajia sombe wananijibu kwa Kiingereza.

Ijumaa ile, kabla ya kutoka dukani, binti wa fundi aliweka kitenge chini, akaniangalia. "Weye ulikuwa mlangoni, siyo?"

Nilipima kitambaa cha mteja mwingine mara mbili, na mara zote mbili nilikosea.

Nikimwambia baba, namnyang'anya mwizi wake, na chuki ile ndiyo inayomwamsha asubuhi. Badala yake nampa mwingine, aliyekuwa anamtilia chai muda wote huu. Nikinyamaza, fundi anakufa na jina ambalo si lake. Mimi hupatana bei na yeyote, lakini hapa sijui hata pa kuanzia. Leo ni Jumatano. Nishauri, rafiki yangu: nimwendee yupi kwanza?