Minazi ya Shangazi

Wakaguzi kutoka Nairobi walitarajiwa saa nane mchana, na saa nne ilishagonga bila jembe kugusa ardhi ya kujengea maabara. Bila hata msingi wa kuwaonyesha, chuo chetu cha Bofu kisingepandishwa kuwa chuo kikuu. Tulikianzisha barazani mwa madrasa, tukiwafundisha watoto wa wakulima na wavuvi ambao vyuo vya ng'ambo ya kivuko viliwakataa. Sasa tulijaza ghorofa mbili. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa bodi, na kwenye ombi letu niliandika kwa mkono wangu kwamba ardhi ile haina mgogoro.

Ardhi yenyewe aliitoa wakfu marehemu baba. Lakini kwetu ardhi huwa ya mtu huyu na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Minazi saba iliyosimama pale ilikuwa ya shangazi, aliyeirithi kwa mama yao. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa, nikajidanganya kwamba mama mzee hatasumbua.

Nilimkuta amekalia mbuzi yake ya nazi katikati ya njia ya mafundi, anakuna. Mafundi walisimama mbali na msumeno wao wa mashine, hakuna aliyethubutu kumsogelea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Babako mlimwendea kwa tende na kahawa. Kwangu nani alokuja?"

"Nimekosa."

"Umekosa, ama umekwama?"

Nikaketi mchangani na suruali yangu ya kupokelea wageni, nikamwambia ukweli: nilijua, na nilimdharau. Kisha nikamwomba minazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, nami nikitazama saa kwa kuibia.

"Nawapa yote," akasema. "Lakini waanze na ule wa kwako."

Ule wa kwangu ulikuwa karibu na kisima. Kitovu changu kilizikwa pale bibi mzaa baba alipoupanda, na mama alikuwa akinisimamisha kando ya mnazi huo kila mwaka kuona ulivyonipita. Nilitaka kusema tuupinde msingi kidogo, tuuache huo mmoja. Lakini shangazi alikuwa akinitazama sasa, na nilielewa kwamba alitaka nijue ninachomwomba.

"Waambie mwenyewe," akasema.

Nikawaambia. Ulipoanguka niligeuka, sikuweza kutazama.

Wakaguzi walipofika, shimo la msingi lilikuwa limefika magotini. Tukaingia ofisini, na mkubwa wao akaniuliza kama kuna mtu yeyote mwenye dai juu ya ardhi hii. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la nazi mkononi.

"Muulizeni mwenye minazi," nikasema, nikamvutia kiti changu.

Aliketi, akaiweka sawa leso yake bila haraka.

"Tangu leo asubuhi," akasema, "hakuna."

Mkaguzi akaandika.