Mafuta ya Taa Ndani ya Esanse

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msitafute hapa bibi mpole. Nyumba yangu ilikuwa nyumba ya kupiga. Marehemu mume wangu alinipiga, mimi nikapiga watoto, watoto wakapigana wenyewe. Mnamwona semeki yangu, shemeji, mdogo wa marehemu, akishika kikombe kwa mkono uliopinda, na wengine mnacheka. Mkono ule ulikuwa wa fundi. Nitawaambia ulivunjikaje, na kwa kosa la nani.

Tulikuwa na mashine ya kusaga mihogo na mahindi, pale uani. Marehemu alitoa motere, injini ya esanse, yaani petroli, kwenye lori bovu, akaifunga juu ya simenti, akaiunganisha na mashine kwa mkanda. Alipokufa, mwana wangu wa kwanza akashika kazi. Mimi nilishika bido, lile dumu la esanse.

Esanse ilipoanza kukosekana mtaani, nilifanya kitu ambacho kila mama mwenye mashine alifanya na hakuna aliyekisema. Nilimimina mafuta ya taa ndani ya bido, nikatikisa, nikafunga. Chupa moja tu. Motere ikala, ikasaga, nikajiona mwenye akili.

Bon, baada ya siku chache ikaanza kugonga. Si wakati wa asubuhi ikiwa baridi. Ikishapata moto, na mwana wangu akijaza mihogo mpaka juu, ndipo unasikia ka-ka-ka, kama mtu amefungiwa ndani ya pipa na ana nyundo. Mwana wangu aliitukana, akaipiga teke, akamtukana na mke wake aliyekuwa anapita na ndoo. Halafu akamwita papa leki, baba yake mdogo, yaani huyo semeki yangu.

Alikuja na ule ufunguo wake wa nati, namba kumi na tatu, mfukoni mwa shati. Alisikiliza. Alifungua kaburateri, akachovya kidole, akanusa. Kisha akaniangalia mimi, moja kwa moja. Akapangusa kidole kwenye suruali.

Kwetu mtu hamwaibishi mjane wa kaka yake mbele ya watoto wake, tena mbele ya wanawake waliopanga mstari na mabasani yao ya mihogo. Akiwa na neno naye, atalisema ndani. Niliijua desturi hiyo vizuri. Nilijificha ndani yake kama panya.

Alimwambia mwana wangu, "Moto iko inawaka mbele ya saa yake. Pistoni ingali inapanda, moto inaipiga ku kichwa. Nitairudisha nyuma kidogo."

Akalegeza deleko, kile kichwa cha duara kinachogawa moto kwenye buji, zile plagi za kuwashia. Motere ikiwa inazunguka, akaizungusha kwa mkono wa kuume, upana wa punje ya hindi, sikio lake juu ya kijiti alichokigusisha kwenye chuma. Halafu akafungua kidogo skurubu ya kaburateri ili inywe esanse zaidi. Kugonga kukapungua, kukapungua, kukaisha. Alimwonya mwana wangu kwamba sasa nguvu imeshuka, asiijaze mdomo, asage kidogo kidogo.

Alipokuwa anaondoka alipita jikoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Semeki, acha ile mafuta. Deleko haizungukake bila mwisho."

Nilimjibu kwamba nimesikia. Na kweli nilisikia. Lakini motere ilikuwa imetulia, nami nikajiambia kwamba kama imepona, basi inaweza kubeba. Siku ya pili nikamimina chupa mbili.

Siku ya tatu, mchana kweupe, ikagonga mpaka wanawake wakarudi nyuma na mabasani yao. Mwana wangu hakuizima. Alijaza mihogo, kama mtu anayempiga mwenzake ambaye tayari ameanguka. Kikapasuka kitu ndani, moshi ukatoka, ikafa. Baadaye tulikuta pistoni imetobolewa kichwani, tundu la kuingiza kidole.

Mama mmoja kwenye mstari akasema, "Papa leki yako aliipunguza nguvu kwanza, sasa ameimaliza. Muulize anataka nini ku mashine ya kaka yake." Wakacheka. Kicheko hicho kilimwingia mwana wangu kuliko moshi.

Semeki alikuja kwa miguu, alikuwa ameitwa tu bila kuambiwa sababu. Hata salamu hakumaliza. Mwana wangu alishika manivele, kile chuma kilichopinda cha kuwashia, akamwambia kwamba anaionea wivu mashine tangu siku ya maziko ya baba. Pigo la kwanza likaenda begani. La pili semeki alilikinga kwa mkono wa kuume, nikasikia mfupa. La tatu likaenda mbavuni, akaanguka karibu na bido.

Wakati wote huo hakumwangalia anayempiga. Aliniangalia mimi. Hakusema mafuta. Hakusema esanse. Alisema tu, "Semeki."

Mapigo matatu nilisimama tu nikitazama. Mkitaka kunihukumu, hukumuni hapo.

Kabla ya la nne nilichukua mchi, nikampiga mwana wangu kwenye kifundo cha mkono mpaka manivele ikaanguka. Akanigeukia na ngumi juu. Ilikuwa ngumi ya baba yake, naijua. Nikamwambia, "Piga. Ni mimi nilitia mafuta ya taa. Papa leki alijua tangu siku ya kwanza, akanifunika."

Hakunipiga. Aliipiga teke bido, ikamwagika, na harufu ya mafuta ya taa ikapanda mpaka kwenye mstari. Wanawake hawakucheka tena. Halafu akaanza kuipiga ile motere ya moto kwa ngumi, mpaka ngozi ikabaki kwenye chuma.

Tulimpeleka semeki dispansari juu ya toleka, mwenye baiskeli akilalamika damu inachafua kiti. Mfupa ulishika vibaya. Hawezi tena kuzungusha deleko, na mkono wa kushoto, anasema, hausikii kitu.

Pistoni nyingine ilipopatikana, mwana wangu mwenyewe alienda kumwomba. Semeki alikaa juu ya kiti, mkono kifuani, na mwana wangu akashika deleko kwa vidole vyenye makovu.

"Nyuma," semeki alisema. "Nyuma tena. Simama hapo."

Mwana wangu akaikaza deleko hapo hapo. Mimi, kabla mwanamke yeyote hajaleta basani, niliita watu wote wa nyumba, wana na wake zao, nikawasimamisha mbele ya mashine. Niliwaambia:

"Hakuna mutu wa hii nyumba, hata mimi, atamwanga kitu ndani ya esanse bila kumwambia mwenye kusaga. Na motere ikigonga, muizime. Hakuna mutu kugusa mutu. Muizime kwanza, mukae chini, na mutu wa kwanza mutamuuliza ni mimi."